Kitambaa Juu ya Dashibodi

Kwetu Kimulot gari haliondoki bila maombi, na maombi ya Baba yana utaratibu wake. Kwanza kila mtu aketi mahali pake na afunge mkanda. Kisha Baba huingiza ufunguo na kuuzungusha nusu, taa za dashibodi ziwake huku injini ikiwa bado imenyamaza. Hapo ndipo husema, "Tufumbe macho." Huombea barabara, huombea matairi, huombea madereva wa trekta za majani chai ambao kwa maoni yake hawakufundishwa na mtu, hutuombea sisi na wale tunaowaendea. Akifika kwenye Amina anamalizia kuzungusha ufunguo, injini inaunguruma, na gari nalo linakuwa limeitikia.

Nilimuuliza siku moja kwa nini asiombe kwanza ndipo aguse ufunguo. Alinijibu kwamba anataka Mungu alikute gari likiwa tayari.

Kufumba macho si hiari. Baba ni mzee wa kanisa, na tangu tukiwa wadogo aliyechungulia wakati wa maombi alijulikana na kuitwa pembeni. Ndugu zangu na mimi tulijiuliza sana alijuaje, ilhali yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiomba. Hatukuthubutu kumuuliza. Mpaka leo, nikiwa mtu mzima mwenye kazi yangu Bomet mjini, akisema tufumbe macho nayafumba hadi yanauma.

Gari lenyewe ni la mtumba, jeupe lililokwisha kuingia ukijivu kidogo kama mursik, maziwa yetu ya mgando yaliyotiwa mkaa. Baba alilinunua kwa bonasi ya majani chai kutoka kiwandani, mwaka ule magoti ya Mama yalipokataa kupanda mlima wa kwenda barabarani. Aliyemuuzia alikuwa mtu wa kupita tu, mwenye haraka ya kuhama, na alimsifia gari hilo kwa jambo moja: halina taa hata moja ya kulalamika. Baba alilipenda neno hilo. Alilirudia kwa wageni kila walipokuja kuliona gari, huku akipiga boneti kwa kiganja kama mtu anayemsifu ng'ombe wa maziwa. Na ufunguo wake hajawahi kumpa mtu. Nina leseni, nina kagari kangu mwenyewe, lakini nikifika nyumbani mimi ni wa kiti cha nyuma.

Kiti cha mbele ni cha Mama. Hilo nalo halina mjadala. Mama alibeba kikapu cha majani mgongoni miaka na miaka hadi kituo cha kupimia, na ikitokea pikapu ya mtu kumpa lifti, wanaume waliketi mbele na dereva, naye akapanda nyuma pamoja na mitungi ya maziwa. Siku gari lilipoletwa nyumbani alifungua mlango wa mbele mwenyewe, akaketi, akatazama kioo kilivyo kikubwa, akasema, "Kumbe barabara huwa inakuja hivi." Hakuwa ameiona ikija. Alizoea kuiona ikienda.

Wiki hiyo hiyo alikishonea kiti chake zawadi. Nyumbani kwetu sofa zimevaa vitambaa, redio imevaa, televisheni imevaa, hata mtungi wa maji ya kunywa una kofia yake ya uzi. Dashibodi isingesahaulika. Alifuma kitambaa cheupe chenye pindo la manjano, akakilaza mbele ya kiti chake kutoka kioo hadi karibu na magoti, akakibana pembeni kisiteleze kwenye kona. Baba alikiangalia na kusema gari sasa limekuwa nyumba.

Jumamosi moja tulikuwa tunakwenda Ndanai kumwona dada yake Mama. Nilikuwa nimeketi nyuma, katikati, na mapajani nilikuwa na katoni yenye kuku wa zawadi. Baba akazungusha ufunguo nusu, tukafumba macho. Hata kabla hajaanza kuombea barabara, kuku akapenyeza kichwa na kunidonoa kidole kwa nguvu zake zote. Nikafumbua macho. Nilimeza kelele, lakini macho yalikuwa yamekwisha kufumbuka, na mbele yangu, kati ya mabega ya wazazi wangu, kulikuwa na dashibodi imewaka rangi zake zote.

Ninapenda taa hizo. Kwenye gari langu huziangalia kila asubuhi kabla sijawasha injini: ya mafuta, ya betri, ya breki, na yule mtu mdogo mwekundu aliyeketi na mpira mbele ya kifua, ambaye ndiye taa ya mifuko ya hewa. Ukiweka swichi huwaka, hukaa kidogo, kisha huzima. Kwenye gari la Baba zote zilikuwepo isipokuwa yeye. Mahali pake palikuwa peusi. Nilisubiri nikidhani amechelewa tu, lakini Amina ikafika, injini ikaunguruma, na hakuwa ametokea.

"Baba," nikasema tulipofika kwenye lami, "taa ya airbag haiwaki."

"Ndiyo," akajibu kwa fahari. "Haiwaki kabisa."

"Lakini inafaa iwake."

"Iwake kwa nini, na hakuna kitu imeharibika? Taa ikiwaka ndiyo shida. Hii gari haina shida."

Nikamweleza, na nakiri sikueleza kwa upole, maana sina subira. Nilimwambia taa ile ni kama askari wa usiku. Jioni anapiga hodi useme umemwona, kisha ananyamaza. Asipopiga hodi kabisa huwezi kujua kama yuko macho, amelala, au hakuwahi kuandikwa kazi. Mifuko ile ndiyo inayofunguka na kumpokea mtu gari likigonga, na taa ndiyo njia pekee ya kujua kama iko tayari. Ikinyamaza tangu mwanzo, huna unachojua.

Baba aliipisha pikipiki iliyokuwa nyuma yetu. Kisha akasema, "Kwa hiyo ulifungua macho."

"Ni kuku alimfungua," Mama akasema, na akacheka hadi kitambaa kikatikisika.

Sikucheka nao, na tuliporudi jioni ile nilipata sababu ya kutocheka. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni kabla ya wakati wake, na kwenye kona moja kati ya mashamba ya chai trekta ikachomoza bila taa, na tela lake limejaa magunia ya majani. Baba akakanyaga breki. Mkanda ulimshika Mama, lakini viganja vyake vilipiga dashibodi, na kutoka nyuma niliona jinsi paji la uso wake lilivyofika karibu na kile kitambaa. Hakuumia. Alikinyoosha, akakirudisha mahali pake, akaanza kumtetea dereva wa trekta. Mimi niliogopa, na kwa kuwa woga wangu hugeuka hasira upesi, nilimnunia Baba hadi nyumbani, nikanywa chai yake bila kumtazama.

Asubuhi yake, nikitoka kunawa uso, nilimwona amejifungia ndani ya gari peke yake. Alikuwa amevaa miwani ya kusomea Biblia. Alizungusha ufunguo nusu, akainamia dashibodi hadi pua ikaigusa, akazima, akarudia. Midomo ilikuwa ikicheza. Sikujua kama alikuwa akiomba au akihesabu taa, na nadhani hata yeye alikuwa amechanganyikiwa, maana vitu hivyo viwili hakuwahi kuvifanya kwa wakati mmoja. Baadaye akatoka, akavuka ua hadi kwa jirani anayebeba maziwa, nikasikia akimwomba awashe gari lake mara moja tu aone kitu.

Akarudi polepole.

"Ya jirani inawaka," akaniambia. "Inawaka, halafu inazima." Alikuwa ameshika ufunguo kwa mikono yote miwili. "Jumatatu twende kwa fundi."

Hasira yangu ikaniisha yote pale pale. 

Tulitaka Mama abaki apumzishe magoti, akakataa. Alisema kinachochunguzwa ni mbele ya kiti chake, na yeye si mtu wa kuletewa habari. Kwa hiyo Jumatatu tulishuka Kericho wote watatu, kwa fundi wa umeme wa magari mwenye banda nyuma ya soko. Alikuwa mwanamume mnene mcheshi, aliyezaliwa hapo hapo Kericho na wazazi waliotoka upande wa Murang'a, na alitusalimia kwa lugha yetu, "Chamgei", kabla hatujazima gari. Alijisifu kwanza. Alisema taa isiyowaka ni fyuzi, atamalizana nasi kabla chai haijapoa.

Haikuwa fyuzi. Aliichomoa, akaiinua kwenye mwanga, ikawa nzima. Taa nyingine zote za dashibodi zilikuwa zinawaka vizuri, akatuonyesha. Akakuna kichwa, akaleta mashine ya kusomea kompyuta ya gari, akaichomeka chini ya usukani. Akasoma kioo chake kidogo, na ule ucheshi ukampungua.

"Mzee, hii gari imekuwa ikilia kitambo," akasema. "Inasema upande wa passenger kuna kitu haioni. Ilikuwa inalia tu ndani kwa ndani. Mtu aliifunga mdomo."

"Nani?" Baba akauliza.

"Sasa hiyo ndiyo tuangalie."

Alifungua waya wa betri, kisha akatuambia tuketi tusubiri. Baba alitaka kujua tunasubiri nini. Fundi akasema vitu hivi vina baruti ndani, na umeme hubaki humo hata betri ikitolewa, kwa hiyo huachwa kwanza upoe wote. "Airbag haiguswi na haraka, mzee. Na hakuna kupima waya yake na taa ya kujaribia, hata kama uko na haraka aje. Inaweza kukulipukia usoni." Mama akasogeza kiti chake nyuma kidogo, kwa adabu, asionekane amesogea.

Baadaye akaanza kufungua kwa bisibisi. Akatoa kile kibao chote cha spidi na taa, akakigeuza mgongo. Balbu ndogo zilikuwa zimepangwa kila moja kwenye tundu lake. Tundu la yule mtu mwekundu halikuwa na balbu. Lilikuwa limezibwa kwa tepu nyeusi, iliyokatwa vizuri kwa mkasi.

Fundi aliibandua, akatia balbu mpya, akarudisha kila kitu na kuunga betri. "Weka switch," akamwambia Baba. Baba akazungusha nusu, na yule mtu mdogo akatokea, mwekundu, na mpira wake kifuani.

"Imewaka!" Baba akapaza sauti. Aligeuka kututazama kwa furaha ya mtoto, kama vile yote yamekwisha.

"Ndiyo. Sasa ngoja izime," fundi akasema.

Tukangoja. Mama aliinuka kutoka kwenye kiti chake cha plastiki, akaja kuegemea mlango. Taa nyingine zinazopaswa kuzima zikazima. Yule mtu mdogo alibaki pale pale. Baba akaondoa ufunguo, akaurudisha, akajaribu tena, na ikawa vile vile.

Fundi akamgeukia Mama. "Mathe, naweza toa hii kitambaa?"

"Nitatoa mwenyewe," Mama akasema. Akafungua vibanio vyake kimoja kimoja, akakikunja kitambaa, akakiweka kifuani.

Chini yake kulikuwa na alama. Ulikuwa mstari mwembamba wa gundi uliozunguka kifuniko cha mfuko wa hewa, uliopakwa rangi ya dashibodi ili usionekane, na kwa kweli bila fundi kupitisha ukucha juu yake nisingeuona. Tulikuwa tumeketi nyuma ya mstari huo siku zote. Mama ndiye aliyekuwa mbele yake, na alikuwa ameufunika kwa kazi ya mikono yake, kwa upendo wake wote kwa kiti kile.

Fundi akatoa betri tena, tukasubiri tena. Alipokifungua kifuniko, ndani hapakuwa na mfuko. Kulikuwa na kipande cha godoro na gunia lililokunjwa, vimeshindiliwa visipige kelele gari likienda. Gari hili lilikuwa limewahi kugonga. Mfuko ulikuwa umefunguka siku hiyo, ukamwokoa mtu mwingine tusiyemjua, na badala ya kuweka mwingine wakaweka godoro, wakang'oa balbu, wakatafuta mnunuzi.

 Nilimfikiria yule muuzaji na haraka yake ya kuhama, nikawa na maneno mengi mdomoni yasiyofaa mbele ya mzee wa kanisa. Mama ndiye aliyetuokoa.

"Kwa hiyo miaka hii yote," akasema, "nimekuwa nikilivisha godoro."

Akajaribu kucheka, lakini Baba hakucheka. Alikuwa amesimama akitazama lile shimo. Kisha akaweka mkono juu ya usukani, katikati, pale penye mfuko wake yeye.

"Hii yangu iko?" akamuuliza fundi.

"Hiyo iko, mzee. Mashine inaiona."

"Basi itoe. Uweke kwake."

Fundi alidhani hakusikia vizuri. Baba akarudia polepole, akionyesha kwa kidole kutoka usukani hadi upande wa Mama. Fundi akamweleza kwa heshima kwamba haiwezekani. Ule wa dereva ni wa mviringo na mdogo, umetengenezwa kukaa kwenye usukani. Wa abiria ni mkubwa, una umbo lingine na waya nyingine.

"Ikate itoshe."

"Airbag haikatwi, mzee. Na hata hiyo yako, hii taa ikiwaka hivi, usiiamini. Kompyuta ikiona moja haiko, inaweza zima yote."

"Lakini kama yake haiko," Baba akasema, "yangu ni ya nini?"

Sijawahi kumsikia Baba akimwambia Mama neno la mapenzi. Kwa wazee wa kwetu si jambo la kutafuta. Alimnunulia gari na kumwachia kiti cha mbele, basi, sisi watoto tukajua yaliyobaki tumalizie wenyewe. Pale kwenye banda la fundi, na mkono wake juu ya usukani akitaka mfuko wake ukatwe, nilimpenda hadi nikalazimika kwenda kusimama nje.

Niliporudi walikuwa wamekubaliana. Fundi ataagiza mfuko mpya wa upande ule pamoja na kompyuta yake, wa aina ya gari lile hasa, si wa kuchomolewa kwenye mabaki ya ajali. Itachukua muda. Kabla haujafika, mtu asiketi mbele upande ule, na gari liendeshwe taratibu, ikiwezekana kwa safari za kliniki ya magoti ya Mama tu. Yule mtu mwekundu abaki akiwaka ili tusisahau.

Hapo ndipo Mama alipokasirika. Si kwa sababu ya godoro wala muuzaji. "Sirudi nyuma," akasema. "Nimekaa nyuma maisha yangu yote. Nyuma ya pikapu, nyuma ya mitungi. Mimi nitakaa kwa kiti changu na Mungu atanilinda."

Baba hakubishana. Akaja niliposimama, akanishika mkono, akaniwekea ufunguo kiganjani. Ulikuwa na joto la mkono wake. Nilifikiri anataka niushike wakati anamsaidia Mama. Lakini alikwenda kwenye mlango wa nyuma, upande wa kulia, akaufungua, akainama kwa shida na mwili wake ule mrefu, akaketi. Akapigapiga kiti cha pili kwa kiganja.

"Njoo, Mama," akasema. "Huku nyuma tuko wawili."

 Mama akazunguka, akaingia, akamwambia asogeze magoti. Akakitandaza kitambaa chake kwenye kiti katikati yao, akakinyoosha pembe zote.

Niliketi kwenye usukani ambao sikuwahi kuruhusiwa kuugusa. Nikafunga mkanda, nikazungusha ufunguo nusu, na taa zikawaka, yule mtu mdogo akiwa miongoni mwao. Tukangoja Baba aseme tufumbe macho. Hakusema. Alianza, akaishia kwenye neno la kwanza, akamgeukia Mama.

"Nitaomba mimi," Mama akasema. "Tufumbe macho."

Akaanza kuombea barabara. Mimi dereva sikufumba. Sasa nilikuwa na taa ya kuangalia. Niliinua macho kwenye kioo cha katikati nipime kama naona nyuma vizuri, na humo nikamwona Baba. Hakuwa amefumba. Alikuwa ameegemea kiti, kichwa amekigeuza upande, anamtazama Mama akiomba, tena kwa utulivu, kama mtu aliyezoea kukaa hivyo. Nikakumbuka jinsi alivyotujua tuliochungulia. Nikakumbuka pia kwamba tangu gari linunuliwe, kila alipoomba, taa zilikuwa mbele yake na Mama alikuwa kando, na si taa alizokuwa akizitazama.

Mama alikuwa amefika kwenye madereva wa trekta. Bila kufumbua macho wala kubadilisha sauti, akanyoosha mkono na kulishika goti la Baba.

"Na wewe fumba, mzee," akasema, kisha akaendelea kuwaombea.